Bi Harusi wa Chini ya Sinki

Kichwa chake kilikuwa ndani ya kabati, miguu yake sakafuni, na ukingo wa mbao ulikuwa ukimkata kiunoni. Mkono mmoja ulishika simu yenye tochi, wa pili ulipapasa mipira myembamba nyuma ya sinki, na pua yake ilikuwa karibu kugusana na tangi. Kama angetokea mwizi siku ile, angeihamisha nyumba nzima na kuiacha miguu ya mkamwana imelala palepale, kwa sababu kutoka mle ndani kulikuwa na utaratibu wake: kwanza bega, kisha kichwa, kisha kumwomba Mungu mgongo usikatae.

"Imekubali?" mama mkwe akauliza.

"Bado, mama."

"Nilijua tu."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na kiti chake kilikuwa mlangoni. Jiko lenyewe lilikuwa jembamba. Ukifungua kabati la chini ya sinki, mlango wa uani haufunguki. Na mlango wa pili, wa kwendea sebuleni, ulikuwa na kiti cha mama mkwe asubuhi hadi jioni, kwa maelezo kwamba pale ndipo panapopita hewa. Anayetaka kupita husema "samahani, mama", naye huyavuta magoti upande, polepole, akiguna, mpaka mpitaji ajione amekosa adabu. Majirani walimwita Mwenyekiti. Yeye alidhani ni heshima, na kusema kweli nusu yake ilikuwa heshima.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi mkamwana alitakiwa awe ndani ya gari, na Jumatatu awe amesimama nyuma ya kaunta ya duka la miwani katika mji mwingine, funguo za duka mkononi. Asipotokea, funguo angepewa mwingine. Na sasa, kama ilivyo ada yake, Bi Harusi alikuwa amegoma.

Bi Harusi ndiyo hiyo mashine ya kuchuja maji. Jina alilitoa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuumbwa na kitufe cha kuzimia. Siku alipoonyeshwa mashine kwa mara ya kwanza aliinama, akachungulia, akashika kiuno. "Anakaa ndani, hatoki, wote mnamhudumia, na akinuna nyumba nzima hainywi," akasema. "Hii si mashine jamani, huyu ni bi harusi." Jina likaganda hapohapo.

Maji ya mtaa ule yalikuwa ya kisima, yana chumvi ya kukausha ulimi, na birika halimalizi mwezi bila kuota gamba jeupe ndani. Mama mkwe aliwahi kupata mawe kwenye figo, akalazwa, akalia kilio ambacho mwanawe wa pekee hakukisahau. Mwana huyo, yaani mume wa mkamwana, ni dereva wa malori ya safari ndefu. Nyumbani anakaa siku, barabarani anakaa miezi. Safari moja alirudi na boksi kubwa, akashinda Jumapili nzima amelala chali jikoni akimwita mkewe amshikie hiki na kile. Alipomaliza akamwelekeza. Vikombe hivi vitatu vina machujio, la kwanza la tope, mawili ya mkaa, utayabadilisha yakichoka. Mrija huu mnene wa juu una utando unaokamata chumvi, na huo ndio roho ya mashine, usiguswe kwa mikono michafu wala usiachwe ukauke. Maji yakishapita humo huingia tangini, tone kwa tone. Ndani ya tangi kuna mfuko wa mpira, na nyuma ya mpira kuna hewa, na hewa ndiyo inayoyasukuma maji yapande mpaka kwenye kibomba kidogo cha pembeni mwa sinki. Hewa ikipungua, maji yamo lakini hayatoki. Hapo unafungua kibomba, unachomeka pampu ya baiskeli kwenye vali hii ya chini, iko kama ya tairi, unapampu mpaka maji yote yatoke, unasoma geji, hiki kipimo cha hewa, unarudisha kifuniko chake.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Hapo ndipo alipojiponza. Angejifanya mjinga siku ile, leo angekuwa mtu huru.

Kwa maana mkamwana hakuwa mtu wa kutoelewa. Alikuwa fundi wa miwani. Alikata lenzi na kuzisaga ukingo mpaka ziingie kwenye fremu bila kulazimishwa, na bosi wake, mzee ambaye hata watoto wake mwenyewe walimwita Lenzi, alizoea kusema kwamba mikono ya binti huyu haina papara. Mama mkwe alipotoka hospitalini, mkamwana aliacha kazi kwa muda. Kwa muda! Maneno hayo yana mwanzo, mwisho wake sijawahi kuusikia kwa mtu yeyote. Mumewe akawa anapiga simu kutoka njiani, na baada ya salamu swali la kwanza ni mashine inaendaje, na la mwisho si swali tena: "Ile mashine imezoea mkono wako. Mwingine akiigusa ataiua." Alidhani anamsifu mkewe. Kuna sifa zinazofunga kuliko kamba, kwa sababu kamba utaikata, sifa utaikataa vipi?

Basi akabaki. Akajua kubadilisha machujio, akajua kuziba mpira unaovuja kabla haujaloanisha kabati, akajua kukinga maji ya chumvi yanayotupwa na mashine na kuyapigia deki. Akajua pia tabia za Bi Harusi, na moja ilimkereketa. Mashine ilikuwa ikifanya kazi wiki hadi wiki, haina neno, mpaka yeye akitaka kusafiri.

Mara ya kwanza dada yake alikuwa amejifungua. Begi liko tayari, mkamwana anakinga maji ya mwisho ya kumwachia mama mkwe, kibomba kikatoa kikombe kimoja, kisha kamba nyembamba, kisha matone. Akaahirisha. Safari nyingine ilikuwa harusi ya binamu yake. Akaahirisha, akatuma salamu. Kisha Lenzi akamwomba aje siku chache tu amshikie fundi mgonjwa, na usiku wa kuamkia safari tangi likaishiwa hewa tena. Mtoto wa dada alianza kutambaa, akasimama, akaanza kusema, na shangazi zake wote walimjua isipokuwa huyu mama yake mdogo.

"Haipendi uende," mama mkwe alikuwa akisema, kwa huruma kabisa. "Vitu navyo vina roho, mwanangu."

Ndipo Lenzi akapiga simu tena, safari hii bila mzaha. Anafungua duka la pili, yeye mwenyewe macho yamechoka, kichekesho cha ulimwengu, fundi wa miwani asiyeona, na anamtaka mtu wa kulishika duka lile kama lake. "Nimekungoja sana binti," alisema. "Sasa siwezi tena." Mkamwana alikubali kabla hajafikiri, kisha akaenda bafuni, akafungulia maji, akalia kwa furaha na kwa hofu. Redio akaahidi kuja kulala nyumbani kwa Mwenyekiti. Mumewe akanung'unika lakini akatoa ruhusa, kwa sharti moja: mashine iachwe inafanya kazi.

Na sasa Alhamisi haifanyi.

Alijitoa kabatini, bega, kichwa, mgongo, akampigia mumewe.

"Mpira wa ndani umepasuka," mume akasema, nyuma yake lori likinguruma. "Agiza tangi jingine."

"Nimewapigia. Fundi wao hana nafasi mpaka wiki ijayo."

"Basi subiri wiki ijayo."

"Jumatatu natakiwa kazini."

"Na mama atakunywa nini?"

"Redio atamletea maji ya madumu."

"Redio huyuhuyu? Ataweka dumu mlangoni kwa mtu akapige naye soga, asahau. Mama atashikwa na kiu, atakunywa ya kisima. Umesahau alivyolia?"

"Sijasahau."

"Basi mke wangu. Mimi nakuamini wewe." Na simu ikakatika, au ikakatwa, maana dereva huwa na mlima wa kusingizia kila anapouhitaji.

Mkamwana akarudi chini ya sinki. Safari hii hakutazama kwa macho ya mtu anayetafuta ubovu. Alitazama kama alivyokuwa akitazama lenzi, kwa kuizungusha. Mpira ukipasuka, maji huvamia upande wa hewa, hilo alilijua. Kwa hiyo ukibonyeza ile vali ya chini, yatatoka maji. Akabonyeza kwa ukucha. Hakikutoka kitu. Akabonyeza tena, akasugua kidole na kidole. Vikavu. Mpira ulikuwa mzima, tangi zima, hewa tu ndiyo haipo.

Akatafuta kifuniko cha vali, kile cheusi kidogo, ambacho yeye hukikaza kila mara mpaka kidole kiume. Hakikuwa mahali pake. Kilikuwa juu ya ubao wa ndani wa kabati, kimesimama wima, kimewekwa na mtu aliyenuia kukirudisha. Alikichukua akakisogeza puani. Kilinuka dawa ya kuchua.

Mkamwana alilala pale, kifuniko kiganjani, muda wa kutosha mama mkwe kuuliza kama amesinzia. Kila jioni yeye ndiye aliyemchua mama mkwe magoti kwa dawa ile ile. Basi harufu ni ya mikono yangu mwenyewe, akajiambia. Na magoti yenyewe ndiyo yale, mtu hawezi kuinama kuokota kijiko, ataingiaje kabatini? Utamshukuje mama wa watu kwa sababu ya harufu? Akajikaza, akaomba pampu.

Mama mkwe akaivuta kutoka nyuma ya kiti na kumsukumia kwa mguu. Mkamwana akachomeka, akapampu, maji yakapanda na kumwagika kwenye sufuria, kisha yakakatika, akaanza kusoma geji.

"Isipite nane," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

"Nani amekwambia nane?"

"Si unajisemea kila siku humo ndani. Nina masikio."

Ijumaa Bi Harusi aliamka na tabasamu. Maji yalitoka kwa nguvu, matamu, na mama mkwe akanywa glasi nzima akasema yana ladha ya chuma. Mkamwana akaandaa safari yake kwa siri, na hakujiuliza kwa nini mtu mzima aliyeaga hadharani anafungasha kwa siri. Alisugua zipu ya begi kwa kipande cha sabuni ili isilie, akaifunga taratibu, jino kwa jino, akiwa amekaa juu ya kitanda na mlango umefungwa. Jioni akamchua mama mkwe magoti kama kawaida. Hawakuongea juu ya kesho. Waliongea juu ya Redio, maana mtu wa kusengenywa ni msaada mkubwa katika nyumba yenye jambo.

Jumamosi alioga mapema. Alifunga maji, akajifuta, akavaa, na nje teksi ikapiga honi ya kwanza. Akachukua begi, akaenda jikoni kuaga, maneno ameyapanga mdomoni tangu usiku.

Kiti kilikuwa kitupu.

Alisimama mbele yake kama mtu aliyekuta ukuta umehama. Miaka yote alikuwa hajawahi kuona kitambaa cha kiti kile mchana, na sasa kilikuwa hapo, kimechakaa katikati, na mlango u wazi kabisa, hakuna wa kuombwa samahani. Kisha akasikia sauti, nyembamba, ya mfululizo. Fsss. Ikakoma. Fsss.

Akakipita kiti, akatazama chini. Kutoka ndani ya kabati la sinki ilitoka miguu miwili aliyoijua vizuri kuliko yake, maana aliichua kila jioni.

"Mama?"

Ile sauti ikakatika.

"Usiwashe taa," mama mkwe akasema kutoka humo ndani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkamwana akapiga magoti, akamulika. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka wa mlangoni, kilemba chake kimenasa kwenye kishikizo cha mipira, mkono mmoja umelikumbatia tangi, na kwenye mkono wa pili, kati ya vidole viwili, pini ya nywele. Kifuniko cheusi kilikuwa juu ya ubao, wima, kikingoja kurudishwa.

"Nimenasa," mama mkwe akasema.

Hasira ilimpanda mkamwana kutoka miguuni. Alitaka kupiga kelele, alitaka kucheka, alitaka kulifunga kabati lile na mtu wake ndani akaondoke. Mtoto wa dada. Harusi ya binamu. Yale machujio aliyoyabadilisha kabla ya wakati wake akidhani ndiyo yenye ugonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa akimla huku anachuliwa magoti!

Teksi ikapiga honi ya pili.

"Mwambie asubiri," akasema mama mkwe, ambaye hata akiwa amenasa alibaki kuwa Mwenyekiti.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu dada yako alipojifungua."

"Na hayo magoti?"

"Magoti yanauma, wala sikukudanganya. Nakaa chini, najisukuma. Kutoka huwa navuta kiti nashika mguu wake. Leo nimesikia umefunga maji bafuni, nikaharakisha, nikakisahau kiti."

"Kwa nini lakini?" Sauti ya mkamwana ilipasuka. "Mimi nimekukosea nini?"

Mama mkwe alijaribu kukigeuza kichwa, kilemba kikakivuta nyuma. Kisha akaongea na tangi, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele ya uso wake.

"Hujanikosea. Mume wangu alifunga begi lake mwenyewe kwenda hospitali, akaniambia nisimpikie jioni, hakurudi. Mwanangu anafunga begi kila akija, hata chai haijapoa. Hao wote nimesikia zipu zao nimenyamaza. Yako ndiyo pekee niliyoweza kuizuia. Mkono unakwenda wenyewe, mwanangu. Na jana umeipaka sabuni. Nikaisikia harufu ya sabuni chumbani kwako wakati ulikuwa hujafua, nikajua."

Mkamwana aliingiza mkono, akakinasua kile kilemba, akaacha nusu yake kwenye kishikizo. "Kwanza bega," akasema. "Sasa kichwa. Usiharakishe." Akamvuta, akamkalisha sakafuni ameegemea kabati. Nywele za mama mkwe, nyeupe, hazikuwa na pini wala kitambaa, na bila kiti chake alionekana mdogo, mwanamke tu aliyekaa chini jikoni kwake amechafuka vumbi. Huruma ikamjia mkamwana, na akaikasirikia hiyo huruma, kwa sababu aliitambua. Ndiyo iliyomweka pale miaka yote.

Akachukua pampu, akaiweka mapajani mwa mama mkwe.

"Jaza."

"Mimi?"

"Anayejua kutoa hewa na kuijaza anajua."

Huko nje honi haikulia tena. Redio alikuwa amemkamata dereva dirishani na kuanza kumhadithia habari za mtaa tangu msingi, na kwa mara ya kwanza maneno yake yakamfaa mtu.

Mama mkwe akaitazama pampu, akamtazama mkamwana, akaona hakuna mzaha. Akafuta pua kwa kiganja. Kisha, bila kuelekezwa neno hata moja, akasema, "Fungua kibomba, kinga chupa zile mbili kwanza, sufuria baadaye." Akalivuta tangi kwake, akaifuta vali kwa upindo wa gauni, akachomeka, akapampu. Alipampu kwa vipimo, akipumzika mpira ujinyooshe, kama ilivyotakiwa. Maji yakapanda, yakajaza chupa, yakajaza sufuria, yakakatika. Akachomoa, akaweka geji, akaisogeza mbali na macho yake ya kizee. "Saba," akasema. Akapampu kidogo. "Saba na nusu. Inatosha." Akarudisha kifuniko, akakikaza mpaka kidole kikauma, akakipulizia kidole chake.

Mkamwana alisimama juu yake akimtazama. Mama mkwe hakukosea kitu. Hata ule ujanja wa kupumzisha mpira, ambao mume mwenyewe hakuujua, alikuwa ameuona kutoka kwenye kiti. Miaka mingapi ya kuambiwa mashine imezoea mkono wako! Angeweza kuondoka siku yoyote. Jambo hilo lilipaswa kumfurahisha, na lilimuuma kuliko pini.

Sasa tangi lilikuwa tupu, na Bi Harusi hana haraka. Angechukua nusu siku kulijaza tena tone kwa tone. Mkamwana alikuwa na desturi yake ambayo hakuivunja hata mara moja: akishajaza hewa hungoja, tangi likajaa, akafungua, akaona, ndipo akaamini. Akatazama kibomba. Akasikia mtu akisema, "Acha ningoje lijae. Nikiondoka kesho bado nawahi Jumatatu."

Alikuwa yeye. Maneno yalitoka yenyewe, laini, yamezoea njia, na yalimtisha zaidi ya ile miguu kabatini.

"Hapana," mama mkwe akasema.

"Ni kesho tu, mama. Niione tu inatoka."

"Ukilala hapa leo, kesho nitaitoa tena." Mama mkwe hakulia, wala hakuinua sauti. "Najijua mimi. Usiku nitakuapia kwamba sitaitoa, na alfajiri nitakuwa humo ndani na kiti changu. Nenda wakati nina aibu."

Akanyoosha mkono na kumpa ile pini.

"Na hii ichukue," akasema. "Ingawa ninazo nyingine."

Mkamwana akaipokea. Akamwinua, akamrudisha kwenye kiti, na kiti akakisogeza kutoka mlangoni hadi kando ya sinki, mahali ambapo mwenye kukaa anaweza kushika mguu wake akitaka kuinuka. Mama mkwe hakulalamika kwamba huko hakupiti hewa. Alimpa chupa moja ya maji. Mkamwana akabusu mkono ule unaonuka dawa ya kuchua, akasema "kwaheri mama", kile alichopanga kusema tangu usiku kikamtoka chote kichwani, akatoka kwa mlango usio na mtu.

Njiani alibadilisha gari, akakaa dirishani, begi mapajani. Alitarajia kujisikia mwepesi. Badala yake kila kijiji walichopita alikuwa chini ya sinki, anapapasa, anajiuliza kama mpira umekaa sawa, kama kilemba kilikilegeza kishikizo, kama saa hizi pini nyingine iko kazini. Mara mbili aliishika simu kumpigia Redio, akairudisha. Akanywa maji ya ile chupa. Hayakuwa na ladha ya chuma hata kidogo.

Jua lilikuwa limeanza kulegea simu ilipolia. Akaiweka sikioni, akasema "mama?" na hakuna aliyejibu. Kulikuwa na mlio tu, wa nguvu, wa maji yanayopiga beseni tupu la kuoshea vyombo.

"Umeyasikia?" mama mkwe akauliza hatimaye.

"Nimeyasikia."

"Yanatoka yenyewe. Sijaigusa."

"Nasikia, mama. Yana nguvu."

"Basi usirudi kuyaangalia."

Mkamwana akafunga macho. Abiria wa pembeni alimtazama, kisha akatazama mbele kwa adabu. Maji yaliendelea kupiga, sasa si tena beseni tupu, beseni limejaa, yanamwagika kwenye sinki.

"Funga bomba, mama."

"Nitafunga. Tangulia wewe kukata."

"Funga kwanza."

"Wewe kwanza."

Hakuna aliyefanya hivyo. Walikaa hivyohivyo, mmoja garini, mmoja kitini, na maji katikati yao. Kisha mkamwana akasikia kitu ambacho abiria yule, hata angepewa simu, asingekisikia. Mlio ulikuwa unapungua unene. Tangi lilikuwa linakwisha. Yaliyobaki mle ndani ndiyo maji ya kunywa ya mama mkwe usiku ule, na yalikuwa yanakwenda sinkini, na mlio wa hayo ndio uliokuwa unamshika yeye asikate simu. Angeendelea kusikiliza, yangeisha yote, na mama wa watu angelala na kiu kwa ajili ya kusikilizwa.

Akakata.